Somoe, Uliulizwa Wewe, Nikajibu Mimi

Mdogo wangu Somoe,

Najua mama mdogo ndiye atakayekusomea barua hii. Nimemwomba asome polepole, na ukichoka anyamaze. Wengine watakaoiona nao waisome. Nilikudhalilisha mbele za watu, basi na nikiri mbele za watu.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiokota korosho na mama? Mabibo ulikuwa ukiyatenga, mekundu huku, ya njano kule, na mtu akiyachanganya unaanza upya bila kununa. Mama alikuuliza kila kitu. "Somoe, leo tupike ugali au muhogo?" Ulifikiri kwanza, naye akakusubiri. Mimi nilikuwa nachoka. "Mama, mpikie chochote huyu," nilisema. Aliendelea kukusubiri.

Mama alipofariki, baada ya arobaini yake ukaniambia, "Kaka, nataka kukaa Kiswere kwa mama mdogo." Ulilisema mara tatu. Nikakujibu kwamba huwezi kuamua mambo hayo. Ulikuwa na miaka ishirini na miwili. Nikakupeleka mahakamani Lindi, kuomba niwe msimamizi wako wa kila jambo, maisha yako yote. Nilimwambia hakimu nataka kukulinda. Hofu juu yako nilikuwa nayo kweli, lakini haikuwa hiyo tu. Wifi yako alikuwa amejifungua. Ukiondoka, nani angechota maji? Nani angetwanga?

Hakimu akakuuliza ungependa kuishi wapi. Nikadakia, "Haelewi, mheshimiwa."

"Nimemuuliza yeye."

Ukaniangalia, ukasema, "Nyangamara," yaani kwangu. Hakimu hakuridhika. Akaahirisha shauri, akaagiza afisa ustawi wa jamii aje nyumbani.

Yule dada wa ustawi alikaa nawe mkekani asubuhi nzima. Kisha akatuita, mimi na mama mdogo aliyekuwa amekuja kukuona. Akasema si lazima mtu mmoja ashike maisha yako yote. Unaweza kuchagua watu unaowaamini, wakakueleza mambo kwa maneno unayoyaelewa, na uamuzi ukabaki wako.

"Na akikosea?" nikauliza.

"Wewe hujawahi kukosea?" Akakugeukia. "Somoe, mbona mahakamani ulisema Nyangamara?"

"Kaka alinikanyaga mguu."

Mama mdogo akainamisha kichwa. Nilitaka kusema unatunga, lakini wewe hujui kutunga, na pale hakuna asiyelijua hilo. Nilikukanyaga kweli, kwa kisigino, chini ya benchi, huku nikimtazama hakimu usoni.

Ukamchagua mama mdogo, na Bi Zuhura jirani yake. Yule dada akauliza, "Na kaka?" Ukatikisa kichwa. Kesho yake nikarudi Lindi kuondoa ombi langu, nawe ukaenda kukaa Kiswere. Nyumbani nikasema mahakama inachelewesha mambo. Huo nao ulikuwa uongo.

Juzi mama mdogo alinipigia simu. Alisema jino lilikuuma, ukakataa kwenda zahanati. Wakakueleza mara ya kwanza, wakakueleza tena, Bi Zuhura akakuonyesha pengo lake. Ukasema utakwenda Jumatatu, na Jumatatu ilipofika wewe ndiye uliyetangulia mlangoni. Mimi ningekubeba kwa nguvu huku unalia. Nilishakubeba hivyo ulipochanika kidole, na siku ile nikajiona kaka mwema kupita kiasi.

Maji sasa nachota mwenyewe. Sikuelezi hili ili unisifu. Nakueleza kwa sababu kila ndoo ninayoibeba inanikumbusha kwamba ulikuwa ukizibeba nne kila asubuhi, na sikuwahi kukuuliza kama umechoka.

Nataka kuja Kiswere nikuombe radhi uso kwa uso. Jiulize kwanza, usiharakishwe na mtu. Ukisema nisije, sitakuja, wala sitamtuma yeyote akubembeleze. Na ukinikubalia, nitakaa nje barazani mpaka wewe mwenyewe uniambie niingie.

Ubaki salama,
Kaka yako