Kiti cha Shahidi Sebuleni

Nyumbani, sebuleni,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Yale magoti yako yanaendeleaje na baridi ya huko? Shemeji hajambo? Na kitinda mimba wako, kidole ameshaacha kunyonya au ndiyo ataingia nacho darasani? Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio mgonjwa. Simu nimeshindwa kukupigia, maana ningelia tu, usielewe kitu.

Bado nawafundisha sheria wanafunzi wa chuo hapa hapa nyumbani, kila mmoja kwa namna yake. Dereva wa teksi namfundisha mikataba kwa mifano ya abiria wake wakorofi, na anaelewa haraka ajabu. Tukifika kwenye kesi, sebule inageuka mahakama. Mimi ni hakimu kwenye meza ya chakula, stuli ya jikoni ndiyo kizimba, na shahidi siku zote ni shemeji yako. Unamjua kwa mizaha.

Sharti langu kwa shahidi ni moja tu, asitunge. Achukue jambo lililomtokea kweli, abadilishe majina. Anayetunga hujikanyaga mapema, mwanafunzi asijifunze kitu.

Sasa nina msichana tunamwita Mnong'ono, kwa sababu humsikii mpaka usogeze kiti. Ni muuzaji wa duka la dawa. Kuhoji shahidi kulimshinda kabisa, nikamwambia aachane na maneno ya vitabuni, aulize kama anavyomuuliza mteja dirishani, kidogo kidogo, halafu anyamaze asubiri jibu.

Jumanne tulikuwa na kesi ya baiskeli iliyoibwa. Shahidi akasema mwizi hakumwona, usiku ule hakutoka, mtoto alikuwa na homa. Mnong'ono akadakia hapo hapo. Mtoto ana umri gani? Ndiyo kwanza anasimama kwa kushika kiti. Uzito? Akautaja. Dawa alikunywa? Ya maji, lakini huitema mpaka umbane mashavu hivi. Akaonyesha kwa vidole, dada! Na mimi hakimu mzima nikacheka, nikampongeza msichana kwa maswali mazuri.

Kisha akauliza mama yake alikuwa wapi. Shemeji yako akanitazama. Mnong'ono akasubiri, kama nilivyomfundisha. Hapo ndipo nilipoelewa.

Dada, wewe unajua tulivyohangaika. Unajua hospitali nilizolala, na kile kitanda kidogo nilichokigawa kwa mikono yangu. Siku ile mume wangu alinishika bega akaniambia tunatoshana. Tunatoshana! Kumbe mwenzangu ana mtoto wa kubana mashavu. Na bado nampenda, ndicho kinachoniua.

Hakubisha hata kidogo. Begi nilimfungashia mwenyewe, nikatia na sweta lake, maana kifua chake unakijua. Nilimwambia aende akalee, mtoto hana kosa. Alipofika mlangoni alitaka kusema kitu, nikamfungia mlango. Ee Mungu wangu, jinsi nyumba ilivyonyamaza!

Mnong'ono alilia kunishinda, akataka kuacha masomo, eti amemvunjia mwalimu nyumba. Nilimfuata dukani nikamwambia asiniletee upuuzi, mtihani unamsubiri, na siku ile ni yeye peke yake aliyefanya kazi yake sawasawa. Jana akarudi. Shahidi hatuna tena, basi nikaketi mimi kwenye stuli.

Alianza na swali jepesi, lile ninalowaambia waanze nalo ili shahidi atulie. Akaniuliza ninaishi na nani. Sauti yake jana ilisikika vizuri kabisa. Sharti ni langu mwenyewe, kutunga siwezi, na la kweli halikutoka. Naye akasubiri.

Mama usimwambie kwanza, niachie mimi. Msalimie sana shemeji, wanangu wabusu wote, na kitinda mimba mbusu mara mbili. Mungu akulindie nyumba yako, dada, na kila anayelala ndani yake.

Mdogo wako akupendaye,
ambaye mpaka sasa hajajibu.