Pamba Ilipokuwa Ikilipumzisha Ziwa

Kabula mjukuu wangu, mwangaluka. Bibi yako hajambo, ni goti tu linamsumbua. Yule ng'ombe mwekundu kazaa ndama jike.

Umeniuliza toka huko chuoni: enzi zetu, nani alikuwa anafunga ziwa ili samaki wazaliane? Hakuna. Mvua za kupanda zikianza, wanaume wote wa Kiloleli walitoka mwaloni, kule mitumbwi inakotia nanga, wakaenda kulima pamba. Samaki wakabaki peke yao mpaka palizi iishe.

Halafu likaja soko huria, ushirika ukaacha kununua. Pamba yetu ya mwaka uliopita ilikuwa bado ghalani, haina mnunuzi. Siku moja tunalima na baba, gari la barafu la kiwanda cha samaki likapita kuelekea mwaloni. Baba akalitazama, akawafungua maksai katikati ya shamba, akaenda kuchukua nyavu.

"Baba, na pamba?"

"Tutakula pamba?"

Hakurudi shambani, wala wenzake. Baada ya miaka michache tukawa tunavua sato wasiozidi kiganja.

Ule mpango wako wa kufunga ziwa nimeusoma, ni mzuri. Umeandika wavuvi watatoka lini. Hujaandika wataenda wapi.

Babu yako.