Wavu wa Rebeka

Jumamosi, 26 Oktoba 2024

Dagaa zote zimelowa. Wavu mzima!

Nimeshika kalamu. Niandike kwa mpangilio, ili siku nikiulizwa niwe na jibu.

Saa mbili asubuhi nilianika, dagaa juu ya wavu mchangani kama kawaida. Jua kali, wingu hakuna. Saa tatu nikapanda feri kwenda Sengerema kumwona mama, presha imempanda tena. Owiti, baba Aloo, yuko visiwani na mtumbwi wa tajiri wake, harudi mpaka mbalamwezi, dagaa zisipovulika. Kwa hiyo mwanangu Aloo nilimwacha kwenye kibanda chetu mwaloni, ufukweni tunapoanika, na chupa ya chai na maandazi. Nikamwambia: una miaka sita sasa, wewe ndiye mlinzi, mtu yeyote asiguse dagaa zetu. Wiki iliyopita beseni letu lilitembea, na beseni halina miguu.

Saa nane mvua. Mimi niko kwenye feri ya kurudi, katikati ya maji, naiona inavyopiga upande wetu, Butimba. Sikuogopa. Nikasema moyoni, jirani yangu Rebeka yupo.

Maana mwaloni kwetu mvua ikija hakuna dagaa za fulani. Unaanua zako, kisha unakimbilia za jirani yako wa wavu. Hata kama mmegombana. Hata kama hamjapeana salamu tangu Krismasi. Wavu unataka watu wawili, mmoja huku, mmoja kule, mnakunja kama shuka. Bibi Getruda, mkubwa wetu pale, husema ukiuacha wavu wa jirani ulowe, umeulowesha wewe.

Nimefika. Wavu wa Rebeka umekunjwa, umefunikwa turubai, jiwe juu. Wangu, hatua tatu tu kutoka pale, unaogelea.

Aloo nilimkuta chini ya meza, magoti kidevuni. Ngurumo anaiogopa tangu akiwa mchanga. Sketi ilinuka mkojo. Nimemwogesha, nimemuuliza kulikuwaje. Hasemi.

Rebeka alipita na ndoo yake. Hakunitazama usoni.

Jumapili, 27 Oktoba

Kanisani. Padri akasema tutakiane amani. Rebeka alikuwa benchi la mbele yangu. Akageuka, mkono tayari. Nikainama kutafuta kitabu cha nyimbo ambacho nilikuwa nimekishika.

Nilipoinuka, Aloo alikuwa ameshampa mkono. Nikamvuta kwa gauni.

Jumatatu, 28 Oktoba

Dagaa zimeanza kunuka. Amekuja mtu wa chakula cha kuku, amezizoa kwa koleo. Kwa koleo! Mimi niliyekuwa nazichambua moja moja.

Nikamfuata Rebeka pale pale, mbele ya watu. Nikamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama macho yake yaliona wavu wangu juzi au hayakuona.

Akaendelea kugeuza dagaa zake. Akasema:

“Muulize mwanao.”

“Mwanangu ana miaka sita, Rebeka. Wewe una mingapi?”

“Nimeshakwambia, Mama Aloo. Muulize mwanao. Kama ameshakauka.”

Wanawake wakacheka! Mmoja akalirudia neno lake, ndipo nikaelewa. Siku ile, mvua ikinyesha, alimwona mtoto amejikojolea, akawaita wenzake: njooni muone mvua mbili, ya juu na ya chini! Akaanua zake huku anacheka.

Nimerudi na jambo moja kichwani. Vuli ndiyo kwanza imeanza. Itanyesha tena, na siku moja Rebeka hatakuwepo. Jirani yake wa wavu ni mimi.

Jumanne, 29 Oktoba

Saa saba wingu dogo kutoka ng'ambo. Likapotea. Rebeka mwenyewe alikuwepo, kwa hiyo hata lingenyesha lisingenisaidia.

Lakini nilisikitika lilipopotea. Mimi, mwanika dagaa, kusikitikia mvua!

Jumatano, 30 Oktoba

Aloo amerudi kutoka darasa la awali analia. Watoto wa mwaloni wanasoma naye, na wimbo wanao tayari. Mvua ya chini, mvua ya chini. Wanaruka wakiuimba. Nani aliwapa maneno? Hawakuyaokota mchangani.

Nimeyaandika hapa na tarehe yake.

Mwalimu Venant ametoa kazi ya nyumbani. Kila mtoto ana kidaftari. Kila siku afanye jambo moja dogo ambalo analiogopa, achore picha, na mzazi aandike chini yake kwa sentensi moja. Mwalimu ameandika mifano ukurasa wa kwanza: kumwamkia mgeni. Kumwambia mwalimu “sijaelewa”. Kwenda chooni peke yako. Kuomba radhi. Kumkataza mwenzako anayemwonea mdogo.

Nikamuuliza Aloo ataanza na lipi. Akafikiri sana. Akasema mbwa wa Bibi Getruda. Tukaenda. Alimgusa mkia kwa kidole kimoja, akakimbia mpaka barabarani! Akachora mbwa mwenye miguu mitano.

Nikaandika: Aloo amemgusa mbwa.

Ijumaa, 1 Novemba

Bibi Getruda ameniita. Shikamoo, marahaba, kaa hapa. Akasema amesikia mimi na Rebeka hatusemeshani. Nikasema tunasemeshana vizuri tu, hatuna la kusemeshana. Akanitazama. Akasema, wewe umesoma mpaka kidato cha nne, mimi sijasoma, lakini mvua najua kuisoma. Usije ukaitumia mvua, mama. Haitumiki.

Amejuaje?

Aloo leo: amemwambia mwalimu kwamba hajaelewa kuhesabu kwa makumi. Mwalimu akawaambia wote wampigie makofi.

Jumapili, 3 Novemba

Nimekaa benchi la nyuma kabisa. Rebeka hakugeuka.

Jumatatu, 4 Novemba

Wale watoto walianza tena wimbo njiani. Aloo ananieleza: alisimama, akawaambia, “Ndiyo, nilijikojolea. Na nyie mnaogopa nini?” Mmoja akasema nyoka. Mmoja akasema bibi yake. Wimbo ukafia hapo.

Niliandika kwenye kidaftari chake, kisha nikaenda nyuma ya nyumba kwa muda.

Yeye amemaliza la kwake. Mimi bado. Hilo sitaki kulichanganya. Kwamba mtoto ana moyo mpana haimaanishi aliyemfanya kichekesho cha watu asilipe. Alipe! Dagaa kwa dagaa. Nataka azione zake zikizolewa kwa koleo. Nataka aje aniulize kama macho yangu yaliona, na jibu nimeshalitayarisha: Muulize Mungu.

Jumanne, 5 Novemba

Nimesikia bombani. Mama mkwe wa Rebeka anaumwa, kesho Rebeka anampeleka hospitali mjini. Ataanika asubuhi ndipo aondoke.

Usingizi wangu umekuwa mzuri sana siku hizi.

Jumatano, 6 Novemba

Saa nne asubuhi. Niko kibandani. Nimekuja na shajara kwa makusudi, nataka niandike mambo yanapotokea. Rebeka ameondoka saa mbili na nusu. Wavu wake umejaa, dagaa nzuri, za leo leo, zinameremeta. Kabla hajaondoka alisimama pale katikati, kati ya wavu wake na wangu. Nilidhani atasema kitu. Akajifunga kanga vizuri, akaenda.

Bibi Getruda hayupo, yuko msibani Mkolani.

Saa saba. Aloo ametoka shule. Amekula. Upepo umegeuka, unatoka ziwani.

Saa nane kasoro kumi. Ng'ambo pamekuwa peusi. Wanawake wa huko mwisho wameanza kuanua. Na mimi nimeanua zangu, nikishika huku na Aloo akishika kule. Anajua kukunja sasa. Nimefunika, nimeweka jiwe. Nimerudi nimekaa.

Wavu wa Rebeka uko wazi.

Aloo ananitazama. Ameuliza mara moja: “Na za mama huyu?” Nikamwambia atoe kidaftari chake, achore.

Saa nane na dakika tano. Amekuja na kidaftari. Hajachora. Ananiambia niandike kwanza, ndipo aseme. Nikamwambia siwezi kuandika nisichokijua. Akasema ukijua hutaandika, utanipiga. Basi nikaandika alivyotaka, herufi kwa herufi: Aloo amemwambia mama ukweli.

Nikamuuliza, ukweli gani?

Nanukuu hapa alichosema, haraka, maana upepo unafunua kurasa.

Siku ile ya mvua Rebeka alianua zake, kisha akaja mbio kwenye wavu wetu. Alikuwa ameshashika ncha mbili. Aloo akatoka chini ya meza, akamng'ang'ania mguu. Akapiga kelele: Usiguse! Mama amesema mtu asiguse! Wewe ndiye uliyeiba beseni letu! Watu wote wakasikia. Rebeka akaachia wavu, akasimama, mvua inampiga. Ndipo radi ikalia, Aloo akajikojolea palepale, ameshikilia mguu wa Rebeka. Na Rebeka ndipo akacheka, akaita wenzake, akasema lile neno la mvua mbili.

“Ya beseni ulitoa wapi?” nikamuuliza.

“Ulimwambia baba kwenye simu. Ulisema labda ni Rebeka.”

Nilisema. Kwa sauti ndogo, lakini nilisema.

Saa nane na robo. Matone ya kwanza, makubwa, yanatoboa mchanga.

Lakini alicheka! Mtoto wa watu anatetemeka mguuni kwake, naye akacheka, akaita na wengine waje kucheka. Hilo liko palepale. Angeweza kuja jioni akaniambia, mwanao alinikataza. Angeweza kusema Jumatatu. Akasema muulize mwanao.

Akasema muulize mwanao. Siku tisa. Sikumuuliza.

Hata hivyo sitoki. Nimesubiri mvua hii. Nimeisubiri kama mtu anavyosubiri mgeni.

Aloo ametoka. Sikumwona akiondoka, nimeinua macho tu yuko pale, kwenye wavu wa Rebeka, gauni la shule limemganda mgongoni. Nimemwita. Hasikii, au anajifanya hasikii. Ameshika ncha moja kwa mikono miwili, anavuta kuelekea katikati. Dagaa zinamwagikia upande wa pili. Anaiachia, anakimbilia ile nyingine. Ile ya kwanza inafunguka tena.

Wanawake wa huko mwisho wamesimama na ndoo zao. Hawamtazami yeye. Wananitazama mimi.

Radi. Ya karibu, imetikisa mabati ya kibanda.

Hakukimbia. Amechuchumaa, amefumba macho, mvua ya chini inamtoka, naiona kutoka hapa. Ncha ya wavu bado iko mkononi. Sasa amefumbua macho. Anainyoosha ile ncha upande wangu, mikono yote miwili, kama tulivyokunja wetu, na mdomo wake unasema Mama, shika