Uzito wa Kiti cha Nyuma

Jumatatu, 6 Juni 1994
Tumefyeka uwanja wa ndege mpaka saa nne. Ukungu, vidole vimekufa ganzi. Kisha Zakayo akaweka fyekeo chini, akaenda kujifunza urubani. Mimi nikamalizia nyasi zake.

Tulitoka Kasulu pamoja, tunalala chumba kimoja. Mmiliki mpya wa shamba hili la chai, aliyelinunua kwa serikali, amemwagiza Kapteni, rubani wake, amfundishe kijana mmoja kati ya vibarua wa hapa Njombe. Zakayo ana kidato cha nne. Mimi niliishia darasa la tano. Namwonea wivu. Sina jina jingine la kuuita.

Jumatano, 8 Juni
Kapteni ana kitabu cha mwongozo wa walimu wa urubani. Hafanyi jambo bila kukifungua. Anakilaza juu ya boneti ya pikapu, anasoma Kiingereza, anamweleza Zakayo kwa Kiswahili. Leo kimetaka uzito kiti cha nyuma. Gunia la viazi wanalotumia lilishakwenda sokoni Makambako. Kapteni akanitazama. "Wewe, panda."

Nimeruka badala ya viazi. Wachuma chai wakanipokea kwa salamu ya Kibena: "Kamwene, gunia! Huko juu wamekumenya?"

Ijumaa, 10 Juni
Kutoka nyuma naona shingo ya Zakayo tu. Kapteni husema "Chukua." Zakayo hujibu "Nimechukua." Kitabu kinataka hivyo, asije kila mmoja akadhani mwenzake ndiye anayeendesha. Chumbani nasema peke yangu: nimechukua.

Nimepiga magoti kuomba ashindwe.

Jumanne, 14 Juni
Somo la kupunguza mwendo mpaka ndege ikose nguvu. Pua ilipoinama, Zakayo alivuta usukani kifuani akaganda. "Achia! Nimechukua mimi!" Hakuachia. Michai ikawa inatujia. Nikamshika masikio yote mawili, nikayavuta nyuma. Akaachia.

Tulipotua alimwambia Kapteni kwamba mguu ulinasa. Kapteni akaniita pembeni. "Ulikuwa nyuma yake. Mguu, au aliogopa?"

Zakayo alikuwa akimwita mama yake kwa Kiha. Kapteni hajui Kiha. Nilijua akiondolewa, kiti chake kitabaki wazi.

"Aliogopa, Afande. Alimlilia mama yake."

Ni kweli. Lakini nilisema kwa furaha.

Jumatano, 15 Juni
Kapteni amefungua kitabu. Kinasema mwanafunzi aliyeogopa haachwi. Arudishwe kwenye somo lile lile, polepole, kabla hofu haijaota mizizi. Akanishika bega. "Umefanya vizuri kuniambia. Ningehangaika na mguu bure."

Tukapanda tena. Zakayo ameinamisha pua na kuiinua mwenyewe.

Kwa hiyo nimemsaidia. Sikukusudia.

Alhamisi, 16 Juni
Zakayo hasemi nami. Ugali amekula nje kwenye baridi. Neno moja tu aliniambia: "Kilio cha mama yangu ulikwenda kukitafsiri."

Jumamosi, 2 Julai
Jua mapema. Kapteni alishuka, akafunga mlango, akamwacha Zakayo peke yake kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeshakaribia kiti changu. Akanizuia kwa mkono. Leo hakuna uzito.

Ndege ikapanda upesi kuliko siku zote nilizokuwemo.

Ilizunguka juu ya michai, ikarudi, ikadunda kama mbuzi, ikasimama. Wachuma chai wakapiga makofi. Nami nikapiga. Nikaacha kabla yao.