Gari Yenye Ulitutumia

Kinshasa, tarehe 6 mwezi wa 2, 1984

Mama mupenzi,

Nakusalimia sana. Afya iko namna gani? Na dada yangu Viviane, na Emile mume wake? Huku mimi, Angélique na watoto tuko wazima, ni joto tu inatusumbua.

Mama, furahi: bureau imelipa! Pesa ya mwisho ya kazi ya papa, yenye tunangojea tangu tulimuzika, niliishika wiki iliyopita. Kuituma mu enveloppe ni kuipoteza. Donc nimekununulia gari: ndogo, rangi ya machungwa, na mulango wa nyuma unafunguka juu, mutapakia hata mifuko ya mihogo. Haiko mupya, lakini motere iko na nguvu. Emile ataifanya taksi, utakula kila siku. Leo asubuhi imepanda barge, ile mashua kubwa ya mizigo, itafika kwenu na mto.

Mutoto wako,
Cyprien

Kisangani, Mangobo, tarehe 29 mwezi wa 4, 1984

Mwanangu Cyprien,

Tuko, Mungu anasaidia. Viviane ana mimba ya miezi mitano, miguu inamuvimba. Wewe na wako, munalala vizuri?

Gari ilifika. Nililia pale bandarini, juu nilimukumbuka papa yako akivuka mto na pirogi kwenda Lubunga, miaka makumi tatu kwenye kazi ya reli.

Lakini hii gari inakunywa maji kama mugonjwa wa homa. Emile anafika sokoni, moshi mweupe unatoka nyuma, anasimama. Tumeipeleka kwa tonton Hemedi, fundi mwenye papa yako alimuamini. Kuziba radiateur: zaïre mia na makumi mbili. Breki: mia tatu. Embrayage, ile klachi: mia tisa, na ni ya kuokota kwa gari ingine. Mushahara wa Emile wa ualimu haufiki hapo. Taksi gani hii? Tonton Hemedi anataka kufungua motere. Nimemuambia angoje, mutoto wangu hawezi kunitumia kitu kibovu. Niambie, ulimuuliza vizuri mwenye alikuuzia?

Mama yako

Kinshasa, tarehe 27 mwezi wa 5, 1984

Mama,

Natumaini uko muzima. Sisi pia.

Barua yako imenishangaza. Gari ilitembea vizuri mpaka bandarini. Mwenye aliniuzia ni mutu wa kuaminiwa. Shida ni Emile, hajui kuendesha, na barabara zenu ni mashimo tu. Aweke maji kila asubuhi, basi. Na huyo Hemedi anakula pesa yenu. Mutu akipewa gari, anasema asante.

Mutoto wako,
Cyprien

Kisangani, tarehe 2 mwezi wa 9, 1984

Cyprien,

Leo sikuulizi afya yako.

Jumamosi tarehe 18 mwezi wa 8 ilikuwa salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, watu wote barabarani na majembe. Uchungu ulimukamata Viviane asubuhi. Emile akajaza maji mpaka juu, sawa vile ulituagiza. Kabla ya kufika hospitali motere ilikohoa, moshi ukajaa ndani, ikazimika. Viviane akalia: «Mama, siwezi kutembea!» Wamama wa salongo wakatupa majembe, wakasukuma. Ilisogea kidogo, kisha gurudumu moja likafunga kabisa. Alors tukafungua mulango wa nyuma, wamama wakafungua vikwembe vyao vya kiunoni wakatuzunguka, na dada yako akazalia pale, kwenye jua. Mutoto alitoka kimya. Nilimupiga mugongo, nilimupulizia kinywani, mpaka akalia. Viviane alipoteza damu nyingi, walimubeba na kitanda mpaka hospitali. Wako hai wote wawili. Wewe haukusaidia kitu.

Kisha tonton Hemedi akafungua gari yote. Chini ya miguu ya chauffeur chuma ilikwisha na kutu, na juu yake walitandika karatoni na zulia. Kati ya karatoni na zulia alikuta facture, karatasi ya hesabu ya garage ya Kinshasa. Alinisomea pole pole, kisha akaomba nimusamehe. «Mai 1982. Citoyen…», halafu jina lako. «Joint de culasse imeungua. Client amekataa kutengeneza.» Hiyo joint ndiyo inazuia maji yasiingie ndani ya motere.

1982! Papa yako tulimuzika 1981. Miaka miwili niliuza kwanga ya mihogo sokoni na mvua ikinipiga, na kila barua ulinijibu: bureau bado, Mama, vumilia. Bureau ililipa mwaka gani? Nani alitembea na jasho la papa yako mpaka likachakaa, ndipo akatutumia kutu?

Mama yake Viviane

Kinshasa, tarehe 14 mwezi wa 10, 1984

Mama,

Nakusalimia kwa heshima. Nimefurahi juu ya mutoto. Viviane apone.

Lambert, rafiki yangu commerçant, anakuja huko kwa biashara, anakuletea sanduku: culasse mupya na joint yake. Imekula mishahara yangu miwili. Juu ya mambo mengine, tutazungumuza siku moja. Kazi inanizuia kusafiri.

Mutoto wako,
Cyprien

Kisangani, tarehe 11 mwezi wa 11, 1984

Cyprien,

Lambert anarudi na sanduku lako. Sikufungua hata kamba. Nilikuuliza swali, unanijibu na chuma!

Gari imekwisha. Tonton Hemedi aliiuza vipande vipande, ikalipa dawa za Viviane. Mutoto anaitwa Léon, jina la papa yako. Nimeambia familia yote kwamba utakuja kusema na kinywa chako. Ukikataa, usiniandikie tena.

Mujane wa papa yako

Karibu na Isangi, tarehe 19 mwezi wa 12, 1984

Mama,

Salamu. Sijui kama mutanijibu.

Barge yetu imekwama kwenye muchanga, siku ya tatu leo. Barua hii nampa mutu wa pirogi ya motere, atanitangulia. Sikuleta zawadi.

Bureau ililipa mwezi wa tatu 1982. Nilinunua gari, nikajiambia nitaiendesha mwezi mumoja tu, nifike kazini sawa wakubwa. Kisha mwingine. Kila barua yako nilijibu uongo, na uongo nikauzoea. Angélique alinisema, nikamufokea. Facture, nilijua. Emile anaendesha vizuri kuliko mimi. Nitamuambia hivyo mbele ya wote, kisha nitapiga magoti kwa Viviane.

Usinipikie, usinitandikie kitanda. Wote wakae, mimi nitasimama mpaka nimalize. Bibi mumoja hapa kwenye barge aliniuliza naenda kufanya nini Kisangani. Nilimuambia naenda kuona mutoto. Halafu nikarudi kwake, nikamuambia ukweli wote. Ni mutu wa kwanza kuusikia kwa kinywa changu. Alihamisha mukeka wake, akakaa mbali nami.

Hasira yako usiipunguze, Mama. Ningojee tu.

Mutoto wako,
Cyprien