Kaka Amejua

Chumba cha kupigia pasi,
Nyuma ya duka la dobi.
Jumapili mchana.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Salamu zangu zikukute vyovyote ulivyo, uwe uko zamu au umejinyoosha. Mgongo wako unaendeleaje? Yule bibi unayemtunza huko bado anakuita kwa jina la binti yake? Shemeji na wanangu hawajambo? Mimi mwili mzima, nashukuru. Tunakula, tunalala, tunaamka. Mengine ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Utajiuliza barua ya nini na simu ipo. Dada, nyumbani kwa Kaka siwezi kusema nawe. Unazijua kuta zile: ukikohoa jikoni, wa chumbani anakwambia pole. Ukipiga simu, wifi anasimama mlangoni na mwiko mkononi, Kaka naye ananitazama mdomo. Najibu "ndiyo, ndiyo, hajambo," nakata. Leo duka limefungwa. Nimemwomba tajiri ufunguo, nimekaa juu ya kapu la mashuka nikuandikie yote, maana wewe umeyapata vipande vipande.

Kaka unamjua. Pale kwenye mnada wa samani hawamwiti jina, wanamwita Redio, kwa vile hanyamazi mpaka usingizi umzime. Basi miezi michache iliyopita alianza kuviita vitu kwa kuzunguka. Kabati likawa "lile la milango." Kijiko kikawa "cha kukorogea." Tukacheka. Mtu aliyezoea kutania akipotewa na neno, nani atajua kwamba kweli limempotea? Wateja walidhani ni mbinu mpya ya kunadi, wakawa wanaitikia, "Haya, la milango hilo, mara ya kwanza!" Naye anacheka nao. Asubuhi kichwa kilimuuma mpaka anatapika. Wifi akasema ni macho, akamtafutia miwani.

Hadi siku ile amesimama juu ya meza ananadi seti ya viti, mkono wa kulia ukaachia nyundo, akaanguka, mwili ukamtetemeka mbele za watu. Hayo ulisikia. Ya hospitali ndiyo hukuyasikia yote.

Walimwingiza kwenye mashine ya kupiga picha ya kichwa, kisha wakamtoboa tundu dogo wakachukua kinyama cha kupima. Majibu yalipotoka Kaka alikuwa wodini, amelewa dawa. Daktari akatuita mimi na wifi. Ni mwanamke, mdogo kwangu kwa umri, anaongea taratibu.

"Ni uvimbe kwenye ubongo," akasema. "Ni saratani, hatua ya nne."

Mimi niling'ang'ania hiyo nne. Nikamuuliza, "Sasa daktari, ya kwanza, ya pili na ya tatu sisi tulikuwa wapi?"

"Hamkuzipita mkiwa mmelala," akanijibu. "Aina hii huanza ikiwa kali hivi hivi. Hata mngemleta siku ya kwanza aliyokosa neno, tungeikuta hii hii."

Nimekuandikia maneno yake kama alivyoyasema kwa sababu nakujua. Najua unajiambia ungekuwa karibu ungeona. Usingeona, Dada. Liache hilo.

Nikauliza kwa nini wasiutoe wote tukaondoka nao kwenye kopo. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia dobi. "Basi utanielewa upesi," akasema. "Wino ukimwagika kwenye shati jeupe, unaishia pale unapouona?"

Hilo nalijua kwa vidole vyangu. Doa unaliona, lakini wino umeshatambaa ndani ya nyuzi kupita pale jicho linapofika, na ukisugua kwa hasira unatoboa shati. Uvimbe wenyewe umekaa upande wa kushoto, penye maneno. Wakimpasua wanaweza kuupunguza na kumwongezea muda kidogo, ila wanaweza pia kuondoka na ulimi wake. Wasipompasua, kuna mionzi na vidonge vya kumtuliza. Njia yoyote ile, ni miezi. Akibahatika, mwaka na kitu. Kupona, hapana.

Wifi hakulia. Tulipofika kwenye ngazi alinikamata mkono, kucha zikaniingia. "Ukimwambia, wewe ndiye utakayemuua. Mtu hufa moyo kwanza." Na Kaka alipozinduka akamwambia ni maji yameingia kichwani, yatakauka.

Hapo ndipo nilipobanwa. Daktari anasema mgonjwa mwenyewe achague, tena achague mapema angali anaelewa. Wifi hataki ajue. Wewe Jumatatu unatuma ujumbe asipasuliwe, Jumatano unataka apasuliwe haraka. Na Kaka ananitazama tu. Nimehamia kwao nisaidie, nalala kwenye kochi la sebuleni, kwa hiyo hata pa kujifungia sina. Nilikuwa nikienda kuoga nafungulia maji muda mrefu kuliko mwili unavyohitaji.

Siku moja tumekaa mezani tunakula, kijiko kikamponyoka tena. Akakiacha sakafuni, akasukuma sahani.

"Niambieni."

"Tukwambie nini, baba?" wifi akasema. "Si maji tu? Yatakauka."

Kaka akatabasamu. "Mficha maradhi..." akaanza. Akakwama.

Dada, unamjua, hana methali asiyoimaliza. Akafumba macho. "Mficha maradhi... mficha..." Mkono unagonga meza, mshipa umemtoka kwenye paji la uso. Mimi niliuma meno. Wifi alivumilia, akavumilia, lakini kumwona mumewe anapapasa gizani namna ile kukamshinda.

"Kilio humfichua!" akaropoka.

Akashtukia alichokisema. Ndipo akalia, kilio chote alichokuwa amekizuia tangu hospitali. Kaka akampapasa mgongo kwa mkono wa kushoto, ule mzima, akanigeukia mimi. "Sema wewe."

Nikasema. Nilisema yote, hadi la wino. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo hajawahi kunifanyia tangu nizaliwe. Nilipomaliza akaniuliza neno moja tu: "Mdomo?" Nikamwambia wakimpasua huenda ukaondoka. Akatikisa kichwa. "Basi hapana. Nibaki na... na hiki kidogo."

Tuliporudi kwa daktari alirudia hayo hayo mwenyewe, na daktari akamsikiliza mpaka mwisho. Wifi alininunia siku kadhaa, anapita kando yangu kama upepo.

Nilidhani siri ikishatoka tutapumua. Wapi! Tumetoka kwenye chumba cha giza tukaingia cha mwanga, lakini nacho hakina mlango. Sasa sote tunajua, na hakuna wa kumkimbilia mwenzake.

Kwa ajili ya mionzi wamemfinyangia kinyago cha plastiki kilichoshika uso wake sawasawa. Anapolala wanakibana mezani kwa vibano ili kichwa kisicheze. Mlango wa chumba hicho ni mzito kama wa ghala, sisi tunabaki nje. Namwona kwenye skrini ya wahudumu, amenasa pale, vidole vimeshika ukingo wa meza. Sina la kumfanyia, na kuondoka siwezi, kwa kuwa akitoka anautafuta uso anaoujua. Vidonge navyo vimemvimbisha mashavu na kumpa njaa na hasira. Juzi alimfokea wifi kwa sababu ya chumvi, kisha akamfuata jikoni kumwomba radhi. Akijiangalia kwenye kioo anasema, "Nimenenepa. Utajiri huu."

Wanasema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Yangu imekatwa ikabaki duka, hospitali, nyumbani. Na kuna jambo naona haya kuliandika. Kuna asubuhi nafika kituoni natamani kupanda gari lolote linalokuja, nikashuke mahali ambapo hakuna anayenijua. Kisha napanda la hospitali.

Sasa nifike kwenye lililonikalisha hapa. Ulisema mwajiri wako anatoa likizo moja tu, nawe unaiweka akiba kwa ajili ya "siku yenyewe." Nilikuelewa. Dada, siku hiyo watu watajaa, viti havitatosha, na Kaka hatajua nani amekuja na nani hakuja. Ichukue likizo sasa. Jana alilitafuta jina lako mpaka jasho likamtoka, akaishia kusema, "Yule wa kwanza. Wa kunibeba." Nikamwambia, "Dada Mkubwa?" Akapiga paja akacheka. Mgongo wako anaukumbuka, ni jina tu ndilo lililomkimbia.

Ukija, ushauri uache huko huko. Usimwambie atapona, atageuza uso ukutani. Mkalie karibu, msimulie vituko vya huyo bibi yako. Kusikiliza bado anaweza, na kucheka anacheka mahali panapostahili.

Na nisikufiche, siombi kwa ajili yake peke yake. Njoo usimame wewe nje ya ule mlango mzito, siku moja tu, badala yangu. Nipate mahali pa kulia pasipo mtu wa kuniambia pole.

Msalimie sana Shemeji, na wanangu uwaambie mama yao mdogo anawawaza. Wifi anakusalimu. Tumepatana, leo asubuhi alinimiminia chai kabla sijaomba. Kaka anakusalimu kwa mkono, kidole gumba juu.

Mungu akulainishie moyo wa mwajiri wako, akulinde njiani, na akufikishe mapema.

Ni mimi, kitinda mimba wenu,
nikupendaye na kukungoja.