Maneno ya Kumlaza Janko

Jumatatu, 3 Juni 1912
Nimemwogesha Janko, mtoto wa Bwana ninayemlea, nimempa uji wa uwele. Hakumaliza. Miaka minne na ubishi wa mbuzi. Kisha maneno yake: Dobrú noc, zlatko moje. Sladké sny. Usiku mwema, dhahabu yangu, ndoto tamu. Si Kidachi. Ni Kislovaki, lugha ya kwao. Mama yake alinifundisha kabla homa haijamchukua mwezi wa tatu. Bila hayo mtoto halali. Baba yake akijaribu kuyasema anaishia katikati, anatoka nje. Basi nayasema mimi. Ni hapo tu ninaposema kitu kwa sauti bila haya.

Bwana yuko kwenye injini ya treni, njia ya Tabora. Atarudi Jumamosi ya wiki ijayo. Kesho mchumba wake anakuja kwa treni kutoka Dar es Salaam. Mdachi. Bibi Hedwig.

Jumatano, 5 Juni
Bibi Hedwig amekagua makabati, akakagua masufuria, akakagua kichwa changu. Eti nina chawa. Sina. Mama alinisuka Jumapili.

Akamwita dobi aje na wembe aninyoe kipara. Uani, mchana kweupe, watu wanapita kwenda stesheni. Omari mpishi, Mrangi wa Kondoa, akatoka na mwiko mkononi: "Pole na msiba, binti. Nani katutoka? Chawa?" Dobi akacheka mpaka wembe ukanikata.

Niliziokota nywele zangu mwenyewe.

Namchukia yule mwanamke. Naandika tena: namchukia.

Jumapili, 9 Juni
Nyumbani, Nkuhungu. Kwetu Ugogo mwanamke hanyoi kipara ila amefiwa. Njia nzima pole, pole, pole. Shangazi alinipokea kwa kilio, akidhani baba kafia malishoni. Baba yupo zizini, anakamua. Ilibidi nieleze mbele ya watu wote. Afadhali ningekuwa nimefiwa kweli.

Mama hakulia. Alinishika kichwa akasema, "Hiki kimeshaita msiba. Sasa msiba huo utaingia nyumba ya nani?"

Usingizi sikupata. Nilijua nyumba ya nani.

Jumanne, 11 Juni
Bibi amepiga marufuku Kislovaki. Lugha ya wachunga nguruwe, anasema. Mtoto alazwe kwa Kidachi. Jana Janko alilia mpaka sauti ikakauka. Leo tena. Ningeweza kumaliza kilio kile kwa maneno sita. Nilikaa jikoni nikichambua mchele.

Jumatano, 12 Juni
Bibi macho mekundu. Akanifuata jikoni, mara ya kwanza kwa sauti ya chini: nimwandikie maneno anayoyataka mtoto.

Nikachukua karatasi. Sikuandika Dobrú noc. Niliandika yale ambayo Bwana alimwambia mkewe kaburini, mara tatu, amemshika Janko mkono. Odpočívaj v pokoji. Siku ile nilimwuliza maana yake, akaniambia: pumzika kwa amani.

Bibi alininyoa kama mfiwa. Haya, naye aongee kama mfiwa.

Nikamfundisha kutamka, polepole, kwa subira, kama nilivyofundishwa misheni. Akasema asante.

Alhamisi, 13 Juni
Janko hakulia.

Bibi akanigeukia mlangoni, amefurahi. "Umeona? Ametulia." Ametulia kweli. Alilala chali, kakunja mikono kifuani vile mama yake alivyolazwa jenezani. Macho wazi.

Ningeweza kusema. Sikusema. Nilitaka Bwana asikie kwanza.

Ijumaa, 14 Juni
Vilevile. Mikono kifuani. Leo hakula.

Jumamosi, 15 Juni
Bwana kaingia magharibi, masizi usoni. Alifika kizingitini Bibi akiwa ameinama juu ya kitanda. Aliyasikia maneno yale ya kaburini. Mfuko wa zana ukamponyoka, spana zikatawanyika sakafuni.

Bibi hakuelewa kosa lake. Akaleta karatasi kujitetea. Bwana akaujua mwandiko.

"Binti, ni wewe?"

"Ni mimi, Bwana."

Akanitazama kichwa. Ameishi Ugogo vya kutosha. "Nani kafa kwenu?"

"Hakuna, Bwana. Bibi ndiye aliyeninyoa."

Akafunga mlango. Wakagombana kwa Kidachi, na kila neno nililielewa. Bibi alisema hawezi kukaa na mtumishi kama mimi. Bwana akasema basi asikae. Naungama hapa kwa sababu padre sitamwambia: nilifurahi.

Jumatatu, 17 Juni
Bibi kaondoka na treni ya asubuhi, masanduku matatu. Nilikwenda stesheni nikasimama mahali ambapo lazima anione. Akaniona. Sikuinamisha macho. Sijawahi kufanya hivyo kwa mtu mzima.

Omari: "Mnyoaji kanyolewa, tena bila maji!"

Kwa Bibi sijutii. Hata nikifa.

Jumanne, 18 Juni
Bwana kaitwa tena kwenye injini. Upepo mwingi leo, vumbi mpaka ndani ya chandarua.

Nimemlaza Janko. Mikono ikaenda kifuani yenyewe. Nikaitoa, nikaiweka ubavuni. Ikarudi. Nikainama niseme yale ya mama yake, yale ya kweli. Dobrú, nikaanza.

Akaniziba mdomo kwa kiganja. Hakulia. Alinitazama tu, na kuziba.

Nimekaa chini kando ya kitanda, kiganja chake kingali juu ya mdomo wangu, hadi mkono ule ukalegea wenyewe.